Dakika 21: kuanza, kukaa benchi na kucheza katika kikapu cha vyuo Marekani

Devin Booker alicheza mechi 38 akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, msimu wa 2014-15, na hakuanza hata moja. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Kawempe, Kampala, alikuwa senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, wa kikosi cha kwanza cha Chuo Kikuu cha Duke msimu wa 2024-25. Muulize shabiki yeyote wa kijiweni ni nani kati ya hao wawili kocha alikuwa akimwamini zaidi. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sasa tazama dakika. Booker alikaa uwanjani wastani wa dakika 21 na nusu kwa mechi. Maluach, dakika 21 na kidogo. Tofauti yao haitoshi hata kufunga kamba za viatu.

Wote wawili walikaa chuoni mwaka mmoja tu. Booker alichukuliwa wa 13 kwenye drafti ya 2015, pale timu za ligi ya kulipwa ya NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, Maluach wa 10 kwenye ile ya 2025, na wote wakaangukia timu moja, Phoenix Suns. Mmoja alikuwa mwanzaji, mwingine alikuwa wa akiba, na ukiangalia kazi waliyofanya uwanjani ni vigumu kusema neno "akiba" linakuambia nini.

Nadhani sisi wa huku tunaponzwa na soka. Kwenye soka mtu "hupata namba", na aliyekosa namba anajua zamu yake inaweza kuwa robo saa ya mwisho, tena mwenzake akichoka au timu ikiwa nyuma. Aliyetolewa harudi. Kwa hiyo orodha ya kumi na mmoja inayotoka saa moja kabla ya mechi ni habari nzito. Watu wanaigombania mitandaoni mpaka filimbi ipulizwe. Kikapu hakina hukumu hiyo. Mchezaji anatoka, anakunywa maji, anasikiliza maneno mawili ya kocha msaidizi, anarudi. Anaweza kutoka na kurudi mara sita. Wale watano wanaotajwa kwa mbwembwe, taa zimezimwa na muziki umepandishwa, ni watano wa dakika nne za kwanza. Baada ya hapo hesabu inaanza upya.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Mechi ya vyuo ni dakika 40: wanaume hucheza vipindi viwili vya dakika 20, wanawake wanacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16. Uwanjani wako watano, basi kocha ana dakika 200 za kugawa, na haziongezeki isipokuwa mechi iende muda wa nyongeza. Timu ina watu 13 mpaka 15. Ukizigawa sawasawa kama sahani za pilau msibani, kila mtu anapata dakika 13 mpaka 15. Hakuna kocha anayetaka kushinda akagawa hivyo. Chukua mfano wa kawaida: watano walioanza wanapewa dakika 30 kila mmoja, hizo ni 150. Zimebaki 50. Wa sita anachukua 20, wa saba 18, wa nane 12. Zimekwisha. Wa tisa na waliomfuata hawana hata sekunde, mpaka timu iwe mbele kwa pointi thelathini na watu wameanza kutafuta magari yao nje.

Kwa hiyo mpaka wenyewe hauko kati ya mchezaji wa tano na wa sita, pale tunapozoea kuutafuta. Uko kati ya wa nane na wa tisa. Wa sita ni mchezaji kamili, pengine anacheza kuliko wawili walioanza. Wa tisa ndiye anayesugua benchi kwa maana tunayoijua sisi. Ukichanganya hao wawili kwa sababu tu wote walikuwa wamekaa wakati mpira unarushwa juu, utaisoma timu vibaya msimu mzima.

Tuseme unatazama mechi ya wanaume. Matangazo ya televisheni yamepangwa: mpira ukisimama baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, mapumziko, chini ya 12, tena, chini ya 8, chini ya 4. Kila kipindi. Karibu na mapumziko yale ya kwanza utaona mtu anavua fulana ya mazoezi, anakwenda kupiga goti mbele ya meza ya makarani, anasubiri honi. Huyo ni wa sita. Amekaa dakika nne akitazama na hajapoteza kitu: ameona mwamuzi wa leo anapuliza nini na anaachia nini, ameona gadi wa wapinzani, yule anayepandisha mpira, anapenda kuelekea mkono gani, ameona nani kati ya mabeki wao tayari anashika magoti. Anaingia miguu mibichi akiwakuta waliokwisha kukimbia. Makocha wengi humweka hapo mfungaji kwa makusudi, ili dakika ambazo nyota anapumzika zisiwe dakika za timu kukauka.

Lakini mara nyingi sababu ni ya kawaida kuliko hiyo: watu wawili wazuri wanagombea kiti kimoja. Kisa kizuri ni cha Connecticut, msimu wa 2022-23. Senta wao alikuwa Adama Sanogo, mtoto wa Bamako, Mali, mwenye misuli na mikono laini karibu na pete. Nyuma yake alikuwapo Donovan Clingan, mwaka wa kwanza, futi saba na ushei. Huwezi kuwapanga wote wawili kwa muda mrefu. Wote wanaishi chini ya kikapu, na uwanja unabana. Kocha Dan Hurley alikuwa na dakika 40 za nafasi ya senta, akazikata vipande viwili: Sanogo dakika 26 hivi, Clingan 13. Jumlisha. Hakuna aliyeonewa, nafasi ilikuwa imejaa. Sanogo alicheza mashindano ya Machi akiwa amefunga Ramadhani, na usiku wa fainali ya Houston, Aprili 2023, Connecticut iliifunga San Diego State 76-59 na yeye akatajwa mchezaji bora wa nne bora, yaani nusu fainali na fainali. Akaondoka. Clingan hakwenda kokote. Mwaka uliofuata akaanza yeye, Connecticut ikachukua ubingwa tena kwa kuifunga Purdue 75-60, na Portland wakamchukua wa 7 kwenye drafti ya 2024. Zile dakika 13 zilikuwa foleni, na alijua nani yuko mbele yake na anaondoka lini.

Kuna kitu kimoja kinachovuruga mipango yote hii, nacho ni faulo. Chuoni mchezaji hutolewa kwa faulo tano, katika dakika 40. NBA ni sita, katika dakika 48. Makocha wa vyuo wamejijengea desturi: ukipata faulo ya pili kabla ya mapumziko, unakaa mpaka kipindi cha pili. Ndiyo maana unaweza kuona nyota ana dakika 7 tu kufikia nusu ya mechi na ukadhani ameumia au amemtukana mtu. Mimi desturi hii sijawahi kuielewa vizuri. Kocha anaogopa mwamuzi atamnyang'anya mchezaji baadaye, basi anajinyang'anya mwenyewe sasa hivi. Kwa mchezaji wa akiba, hata hivyo, faulo mbili za mwenzake ndiyo kengele. Asubuhi alikuwa wa saba. Sasa ana dakika 12 mfululizo, bila kupangiwa.

Wikiendi moja pale Indianapolis, Aprili 2015, ilionyesha yote haya kwa pamoja. Kentucky ya kina Booker ilifika bila kupoteza mechi, 38-0. Ilikuwa na vijana wengi wazuri kiasi kwamba kocha John Calipari alianza msimu akiwaingiza kwa makundi: watano wanatoka, watano wanaingia, kama zamu za kiwandani. Alex Poythress alipoumia goti Desemba, mpango ule wa zamu ukavunjika, lakini benchi likabaki refu kuliko la mtu yeyote. Jumamosi Wisconsin ikawafunga 71-64.

Jumatatu Wisconsin ikakutana na Duke, timu iliyobakiwa na wachezaji wanane tu wenye ufadhili wa masomo, maana mmoja alikuwa amehama na mwingine ameondolewa kikosini katikati ya msimu. Jahlil Okafor, senta wao mkubwa, alikuwa amebanwa na faulo. Wisconsin ikatangulia kwa pointi tisa huku zikiwa zimebaki dakika 13 na kidogo. Aliyekuwa uwanjani ni Grayson Allen, mwaka wa kwanza, ambaye msimu mzima wastani wake ulikuwa dakika 9 na pointi 4. Akafunga pointi nane mfululizo za Duke. Alimaliza na 16, Duke ikashinda 68-63. Benchi refu lilikuwa limekwisha kurudi nyumbani. Fupi likabeba kombe, na lilibebwa na mtu ambaye kwa hesabu yangu ya hapo juu alikuwa akielea pale pale mpakani, wa nane.

Watafuta vipaji wa NBA walikwisha kulizoea jambo hili. Drafti ya mwaka ule, wa kwanza kabisa alikuwa Karl-Anthony Towns, mwenzake Booker pale Kentucky. Alikuwa mwanzaji, na wastani wake ulikuwa dakika 21. Miaka kumi nyuma, Marvin Williams alikuwa mchezaji wa sita wa North Carolina iliyotwaa ubingwa wa 2005, hakuanza mechi yoyote, na Atlanta wakamchukua wa pili, mbele ya Deron Williams na Chris Paul. Wanaopima vipaji huchukua alichofanya mtu kwa dakika alizopewa, wakakikuza kana kwamba alicheza dakika 40, halafu wakatazama mwili, umri na mikono. Nani alitajwa kwanza na mtangazaji hawaulizi.

Njia hiyo ina upande wake wa pili, na sisi tunaujua vizuri. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuwa nguzo ya Connecticut ya Jim Calhoun, mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili, akazuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi na kuifikisha timu nne bora mwaka 2009. Memphis wakamchukua wa pili, nafasi moja mbele ya James Harden, tano mbele ya Stephen Curry. Huko akamkuta Marc Gasol amekalia kiti. Msimu wake wa kwanza alipata dakika 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, ligi ya chini, akiwa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kushushwa huko mpaka wakati ule. Nyumbani tulimsema sana. Ila dakika 13 nyuma ya senta aliyekomaa ni zile zile za Clingan. Clingan alizipata akiwa na miaka 18 au 19 chuoni, Thabeet alizipata kwenye kazi ambayo mwajiri wake hakuwa na subira.

Kumaliza mechi nako kuna watano wake. Dakika nne za mwisho, matokeo yakiwa karibu, kocha anapanga kwa kazi: nani anapiga mitupo huru bila mikono kutetemeka, nani hapotezi mpira ukiwa mkononi mwake, nani anaweza kumkaba yule mmoja. Timu iliyo nyuma itacheza faulo makusudi ili kusimamisha saa, kwa hiyo jitu lako la futi saba linalopiga mitupo huru kama anayerusha mawe mwembeni linatolewa, hata kama lilianza mechi na lina pointi 18. Mpira ukienda kwa wapinzani linarudishwa kukaba. Sekunde kumi baadaye linatoka tena. Ukitaka kujua kocha anamwamini nani, usijisumbue kuwahi mwanzo. Kwa sisi tunaotazama saa kumi na moja alfajiri hiyo ni nafuu kubwa.

Donte DiVincenzo wa Villanova ndiye niliyemtazama kwa karibu kuliko wote. Msimu wa 2015-16, mwaka wake wa kwanza, alicheza mechi tisa, akavunjika mfupa wa mguu, akakaa. Villanova ikafika nne bora kukutana na Oklahoma ya Buddy Hield, mfungaji hatari kuliko wote mwaka ule. Mazoezini DiVincenzo akapewa kazi ya kuwa Hield: kutupa kama yeye, kutoka kwenye kona zile zile, ili wenzake wajifunze kumkaba. Hii ndiyo kazi ya wa tisa mpaka wa kumi na tano ambayo kamera haiioni. Kila wiki wanageuka kuwa timu nyingine. Villanova ilishinda 95-51. Miaka miwili baadaye, fainali ya San Antonio dhidi ya Michigan, huyo huyo alitokea benchi na kufunga pointi 31, Villanova ikashinda 79-62, akawa mchezaji bora wa nne bora. Magazeti yalimwita wa akiba. Kweli, jina lake halikuwa kwenye watano wa kwanza. Lakini wastani wake msimu ule ulikuwa dakika 29 kwa mechi. Kocha Jay Wright hakugundua lulu usiku ule. Alikuwa akiivaa tangu Novemba.

Kwa wanawake tofauti ilionekana wazi zaidi, Cleveland, Aprili 2024. Caitlin Clark wa Iowa alifunga pointi 18 robo ya kwanza peke yake na Iowa ikatangulia. South Carolina ya Dawn Staley haikuwa na mtu wa kumjibu pointi kwa pointi, ilikuwa na watu wa kuendelea kuingia. Ilishinda 87-75, ikamaliza msimu 38-0. Tazama mstari mmoja wa takwimu za usiku ule: pointi za waliotokea benchi, South Carolina 37, Iowa 0. Aliyeongoza kwa kufunga upande wa mabingwa alikuwa Tessa Johnson, mwaka wa kwanza, pointi 19, kutoka benchi. Staley huwa haombi radhi kwa kuwakatia dakika watoto ambao kwingine wangecheza 35.

Hata hivyo watoto wanajua kwamba kwingine wangecheza 35, na siku hizi mlango uko wazi. Zamani aliyehama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo wa tisa alipiga hesabu na mara nyingi akabaki. Oktoba 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaanzisha potali ya uhamisho, ambako jina la anayetaka kuondoka linawekwa na makocha wote wanaliona. Mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka 2024, baada ya kesi mahakamani, kikomo cha mara moja kikaondolewa kwa wenye maendeleo mazuri darasani. Katikati yake, Julai 2021, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura zao. Na kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo wake mapato, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Timu ya kikapu ikawekewa kikomo cha watu 15 katika vyuo vilivyoingia kwenye mpango huo.

Matokeo yake ni kwamba lile neno "mwanzaji", ambalo uwanjani halina uzito mkubwa, limepata bei sokoni. Anayetafuta chuo kipya akiwa na "ameanza mechi 30" kwenye wasifu anasikilizwa tofauti na mwenye "ametokea benchi mechi 35", hata dakika zikiwa sawa. Sebuleni kwa wazazi, kocha anapokuja kumwomba mtoto wao, swali la kwanza ni kama ataanza. Kocha mwaminifu atajibu kwa dakika na kwa nafasi: senta wetu anamaliza masomo, wewe na fulani mtagawana 40 zake. Mwingine ataahidi namba, ikifika Desemba simu ya nyumbani haipokewi. MiLaysia Fulwiley, aliyekuwa uwanjani usiku ule wa Cleveland, alitokea benchi zaidi kwa misimu miwili South Carolina, na mwaka 2025 akahamia LSU. Ingekuwa 2010, hatua hiyo ingemgharimu msimu.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana. Kwa kanuni zilizotumika miaka yote hii niliyoitaja, mchezaji alipewa miaka mitano kucheza misimu minne, na dakika moja tu ya mechi rasmi ilihesabika kuwa msimu. Ndiyo maana kocha mwenye huruma hakumwingiza kabisa kijana fulani, hata timu ikiwa mbele kwa arobaini: anamtunzia mwaka. Wamarekani huuita mwaka wa shati jekundu. Kutoka jukwaani unaweza kumlaumu kocha kwa roho mbaya wakati anafanya kinyume chake, na huenda yule kijana mwenyewe ndiye aliyeomba.

Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi utaona kitu ambacho takwimu hazikielezi. Ni usiku wa wanaomaliza chuo, mechi ya mwisho ya nyumbani. Mara nyingi kocha humwanzisha mchezaji anayejilipia ada, ambaye kwa miaka minne alikuwa Hield mazoezini jana na mtu mwingine leo. Mama yake anapewa maua katikati ya uwanja. Jina lake linatajwa, taa zimezimwa, benchi zima limesimama. Anarushiwa mpira mara moja, anaupasia haraka kama una moto. Mpira unapotoka nje kwa mara ya kwanza, honi inalia, anatoka, anakumbatiana na kocha, na yule ambaye huanza siku zote anaingia kuchukua dakika zake 33. Kesho yake, kwenye jedwali la msimu, mbele ya jina la kijana yule, safu ya mechi alizoanza inasomeka 1, na safu ya dakika za mechi ile nayo inasomeka 1.